Supu ya Kuku Wakati wa Matanga

Kiwandani kwetu, siku ya nane ya mwezi wa kumi

Kwako Dada Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima zote anazostahili dada aliyenibeba mgongoni na kunizaba makofi kwa mkono uleule. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii ya Linqing? Shemeji kikohozi kimemwachia, au bado anawaamsha majogoo? Na yule mkwe wenu mpya, ameshajua kukanda unga, au mngali mnatafuna mawe na kumsifu?

Sisi huku wazima. Mke wangu ananenepa, mitungi yangu mia mbili ya mchuzi wa soya imejipanga uani kama askari, na juzi tu mfanyabiashara mmoja wa Suzhou alionja mchuzi wangu kwa ncha ya kijiti akafumba macho kama mtu aliyeitwa na marehemu mama yake. Alisema hajaonja mfano wake kutoka kusini mpaka mji mkuu. Sitii chumvi, Dada. Chumvi naiweka mtungini tu.

Huyu anayekusomea barua, namwomba asome kwa sauti, polepole, asiruke mstari hata mmoja, hata pale atakapoona haya. Nimeiandika mwenyewe kwa siku tatu na kuharibu karatasi kumi na moja. Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Kwa hiyo aniheshimie jasho langu.

Habari kubwa ni ya karamu ya wazee. Bila shaka mmesikia huko kwamba mwaka huu mdogo wetu Shouheng ndiye aliyechaguliwa kuwa mgeni mkuu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiitaja karamu ile kama watu wengine wanavyotaja dhahabu: siku ya kwanza ya mwezi wa kumi, katika ukumbi wa shule ya wilaya, mkuu wa wilaya mwenyewe anashuka ngazi kumpokea mzee mwenye mwenendo mwema, anamwinamia, anampa kikombe kwa mikono miwili. Pombe yenyewe haifiki hata kooni. Lakini jina linafika mpaka kwa vitukuu.

Niliposikia, nilicheka kwa furaha, nikampongeza Shouheng mbele za watu, nikampelekea mtungi wa mchuzi wa miaka mitatu. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikautukana ukuta.

Usinikasirikie kwanza, Dada. Nisikilize. Tulikaa benchi moja mimi na yeye, mwalimu mmoja, fimbo moja. Baba alipoumia mgongo, nani aliyeacha vitabu akiwa na miaka kumi na minne ili aende kukoroga mitungi? Kalamu za Shouheng nani alinunua? Wino? Nauli ya kwenda kwenye mtihani mara tatu, na mara tatu kurudi na uso mrefu, nani alitoa? Sijawahi kumdai na sitamdai. Nilitoa kwa moyo mweupe. Ila moyo ukiwa mweupe sana, doa huonekana haraka.

Mimi nimefika Yangzhou. Nimekula na manahodha wa mfereji na watawa wa Kibuddha waliokuwa wakinywa kuliko manahodha. Yeye anafundisha watoto ishirini katika chumba kinachovuja. Lakini pita sokoni usikie. Shouheng ni mtu wa kiasi. Shouheng hazidishi, hapunguzi. Watu wa vijiji viwili walipokuwa wanataka kupasuana vichwa kwa ajili ya maji ya mfereji, mimi nilisema kwa sauti kubwa kwenye mgahawa kwamba kiasi ni kugawa nusu kwa nusu, mambo yamekwisha. Yeye akaenda akakaa kwao siku mbili, akauliza ngano ya huku inataka maji lini na mboga za kule zinataka maji lini, akawapa wa chini masika karibu yote na wa juu asubuhi za kiangazi. Alisema nusu kwa nusu ingewaacha wote wawili na shamba bovu, na kwamba kiasi hakikai katikati kama kigogo, kinahama na jambo lenyewe. Wakapatana. Mpaka leo wanapeana maboga.

Kinyozi akasema mbele yangu, wembe wake ukiwa shingoni pangu, kwamba Mwalimu Shouheng ana mizani kifuani. Akaniuliza, na wewe Mzee Shouyu, una nini kifuani? Nikamjibu, nywele. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka kuwashinda wote. Nilifika nyumbani, sikula.

Lililoniuma zaidi ni kwamba nilidhani kiti kile kilikuwa changu tangu matanga ya Mama. Wewe ulikuja kwa mazishi tu ukarudi, kwa hiyo hukuona kazi niliyofanya. Nilijenga kibanda kando ya kaburi nikalala humo siku mia moja. Sikuchana nywele. Nilikunywa uji ambao ungeweza kuona uso wako ndani yake, na mkanda wangu niliufunga kwa nje, watu waone matundu mapya. Nililia mpaka wachuuzi wa mboga wakawa wanapita njia ile kwa makusudi, na mmoja aliniletea mteja. Shouheng alilia saa ya kulia, akanywa uji siku ya tatu, na muda uliporuhusu akarudi kwa watoto wake. Nikasema moyoni, sasa wilaya nzima imeona nani alimpenda Mama.

Mke wangu ndiye aliyeniletea maneno kutoka kisimani, ya moto kama mkate. Mtu alimuuliza mkuu wa shule ya wilaya kwa nini Shouyu hakuchaguliwa, naye akajibu kwamba Shouyu alilia kama mtu anayetaka kusikika, na ndugu yake alilia kama mtu aliyefiwa. Mke wangu alinieleza hayo akimenya karanga, hata hakuniangalia. Nikamwambia huyo mkuu wa shule ni kiziwi, sikio moja limekufa. Akasema basi ulilia kwa nguvu kweli, mzee, kama mpaka sikio bovu lilikusikia.

Siku kumi kabla ya karamu, barua isiyo na jina ikapenyezwa chini ya lango la shule. Ilisema kwamba Bian Shouheng, anayetaka kuketi mbele ya wazee, alikula nyama ndani ya ile miaka mitatu ya matanga ya mama yake mzazi, majira ya baridi ya mwaka wa kwanza, huku amevaa nguo za katani za mfiwa. Barua isiyo na jina sheria inataka ichomwe, nayo ikachomwa, lakini ilikuwa imeshasomwa. Mchana wake mji ulikuwa unachemka. Wazazi wawili wakawaondoa watoto wao darasani. Unajua kwetu, Dada: mwizi atasamehewa, lakini mwana aliyelamba mafuta mama yake hajapoa kaburini, huyo hata mbwa wake atakosa wa kucheza naye.

Mkuu wa wilaya akatuita, yeye kama mtuhumiwa, mimi kama mkubwa wa ukoo. Ukumbi ulijaa. Nilisimama nyuma ya Shouheng nikaona jinsi kola ya kanzu yake ilivyochakaa, na mke wake alivyoigeuza akaishona upande wa pili. Mkuu wa wilaya akamuuliza kama ni kweli. Nilitarajia akane. Angekana tu, yangekwisha, maana shahidi hakuwepo. Akasema ni kweli, mheshimiwa. Kuku. Mabakuli mawili. La pili aliomba mwenyewe.

Watu waliguna kwa pamoja, kama ng'ombe anayelala chini.

Akaulizwa nani alimpa. Bila kunigeukia, akasema: Kaka yangu.

Na hiyo ndiyo kweli. Hukuwahi kuambiwa. Baridi ile Shouheng alishikwa na homa ya kifua, akakonda mpaka vidole vyake vikawa kama kalamu alizokuwa akiandikia, na bado akashikilia uji mtupu na chumvi kidogo. Huyo mtu wa kiasi! Kwa mara moja maishani mwake alikuwa amezidisha. Nilimpeleka mke wangu kwa mama yake, nikachinja kuku kwa mkono wangu, nikakoleza supu kwa tangawizi, nikaipeleka chini ya koti. Aliikataa. Nikamwambia, wewe mpumbavu uliyesoma, Mama hakukubeba miezi tisa ili umfuate kaburini mwaka huohuo. Kunywa, au nitakushika pua kama nilivyokuwa nakushika utotoni. Akanywa huku analia, nami nikimshikia bakuli, nikilia vilevile. Safari ile sikuangalia kama kuna mtu anapita.

Basi pale ukumbini, Shouheng alipokwisha kueleza ile homa na ile supu ya chini ya koti, mkuu wa shule, huyu wa sikio moja, akainuka. Akaeleza kwamba desturi za matanga ziko wazi: mgonjwa hunywa pombe na kula nyama mpaka apone, kisha hurudi kwenye uji wake, na mwana anayejiua kwa huzuni hakumtii mzazi, amemharibia kazi. Akasema aliyeandika ile barua alisoma nusu ya ukurasa. Watu wakacheka. Mkuu wa wilaya akacheka pia, akaniita mbele. Akasema wote wanajua kulia, lakini anayejua lini kuacha uji na kuchukua kuku, na kumchukua kwa siri bila kutafuta sifa, huyo ndiye anayejua kiasi. Akaamuru niketi karamuni pamoja na ndugu yangu, kiti cha mgeni wa tatu.

Nikaketi, Dada. Nilivaa joho la hariri la bluu. Nilipewa kikombe kwa mikono miwili. Kinyozi alikuwa ameninyoa bure. Na kile kikombe nilichokililia miaka yote kilipita kooni kama mchanga. Shouheng alikuwa upande wa pili, ametulia, akainua kikombe chake kidogo kunielekea mimi, si juu sana, si chini sana. Ningeweza kumrushia samaki.

Sasa huenda umeshajiuliza jambo, maana wewe hujui kusoma lakini hujawahi kuwa mjinga. Ile supu tuliijua watu wawili na kuku mmoja, na kuku hakuwa na nafasi ya kuongea.

Ni mimi, Dada. Ni mimi niliyeandika ile barua, kwa mkono wa kushoto, nyuma ya ghala, mbele ya ule ukuta. Jambo moja jema nililofanya bila kutaka kutazamwa, nililichukua nikalifanya kisu. Na hata kisu chenyewe kilikuwa butu, kwa sababu niliacha shule kabla hatujafika kwenye ukurasa wa mgonjwa. Mimi ninayejua kwa ncha ya ulimi kwamba mtungi wa kiangazi unataka chumvi kuliko mtungi wa baridi, sikujua wivu wangu umeshapita kipimo miaka arobaini iliyopita.

Shouheng anajua. Hawezi kuwa hajui. Pale ukumbini, kwa maneno mawili tu angeweza kunizika. Akayatumia maneno hayohayo kuniketisha kitini. Hata katika kusamehe amenishinda, na Mbingu zishuhudie, hata hilo nimelionea wivu.

Nimejaribu kumwambia. Lakini mimi ni mkubwa, yeye ni mdogo. Nikimpigia magoti, itabidi apige yake chini zaidi, na tutakuwa wazee wawili sakafuni, magoti mabovu yote manne, bila mtu wa kutunyanyua. Na nikianza kusema, ataniuliza habari za mitungi.

Juzi alikuja kuniaga kwamba anakuja kwenu na pamba za baridi, akaniuliza kama nina barua ya kukuletea akusomee, kama alivyokusomea barua zangu zote tangu uolewe.

Ndiyo, Shouheng. Wewe uliyeshika karatasi hii sasa hivi mbele ya Dada. Usikohoe. Usiseme taa imefifia. Soma mpaka mwisho, kwa sauti, maana mkubwa wako amekuagiza.

Nimekukosea, mdogo wangu. Watoto walioondolewa darasani nimeshakwenda kwa wazazi wao nikawaambia mwandishi ni nani, na mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kesho naenda kwa mkuu wa shule kurudisha kiti. Ninachokuomba ni kimoja. Usinisamehe chote. Sitaweza kukibeba, nitakuonea wivu mpaka nife. Nisamehe kiasi, ubaki na kinyongo kidogo, cha ukubwa wa bakuli, nikifanyie kazi kidogokidogo kwa miaka iliyobaki.

Dada, akimaliza kusoma mtazame uso, kisha umwambie mtu mwingine aniandikie ulivyoonekana. Mpe uji wa moto, akikataa nyama mshike pua. Ule mtungi mdogo aliokuja nao ni wako, chumvi nimeipima mwenyewe kwa majira haya. Msalimie Shemeji, wasalimie wanao na wajukuu, na yule mkwe mwambie unga unataka maji ya uvuguvugu.

Nakuinamia kutoka mbali, goti liume lisiume.

Mdogo wako aliye mkubwa kwa mwenzake,
Bian Shouyu