Kishikio cha Mama Bafuni

Bishkek, 2 Aprili

Kwa dada yangu Sairagul,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Novosibirsk, na kwamba kifua cha yule mdogo kimetulia. Huku theluji imeyeyuka na uani ni tope tupu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama sasa analala sebuleni, na kila ninalosema kwenye simu analisikia.

Nianze na hali yake. Nyonga imevunjika mahali pawili. Wiki iliyopita daktari alisema moyo wake hautastahimili upasuaji, kwa hiyo hatasimama tena. Nilimuuliza mara mbili kwa maneno tofauti, akanijibu vilevile. Mama hajaambiwa. Amepunguza kunywa chai ili asinisumbue na beseni, na midomo imempasuka.

Uliniuliza mambo yalikwendaje, nikakujibu nusunusu. Jumapili tarehe 3 Machi, Sapar wa ghorofa ya pili alimaliza kupaka rangi ya mafuta bafuni. Alikuwa ametoa kioo, rafu na kile kishikio cha mama kando ya beseni la kuogea, chenye vikombe viwili vya mpira vinavyonyonya ukuta. Unajua kuta zetu hazishiki skrubu, zinamomonyoka. Aliniambia rangi hiyo ni kama boorsok zilizokaangwa haraka, nje zimeiva na ndani unga mbichi. Ukigusa utadhani imekauka. Vitu virudi baada ya wiki mbili, hata siku moja isipungue.

Alhamisi ilikuwa khitma ya mwaka wa baba. Farasi alikuwa ameshachinjwa huko Naryn, kwa hiyo siku haikuweza kusogezwa. Baba mdogo Kachkin alifika Jumatano na wazee wanne. Walipotaka kutawadha wakakuta ukuta mtupu na ndoo sakafuni. Baba mdogo akasema, wote wakisikia, "Marehemu alisomesha mtoto mpaka akaajiriwa wizarani, na leo sisi tunatawadhia ndoo kama tuko malishoni na kondoo." Wazee walicheka. Jioni ile kila kitu kilirudi ukutani.

Khitma ilikwenda vizuri. Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wameondoka, mama aliingia kuoga. Nilisikia kishindo kimoja. Nilimkuta chini, kishikio bado mkononi mwake, na rangi imebanduka pamoja na vikombe kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Yaliyofuata unayajua. Baba mdogo alimsimamisha Sapar kwenye ngazi, mbele ya majirani, akamuuliza ni fundi gani asiyewaonya watu. Sapar alisema alionya, tena aliandika kwa kalamu nyekundu, "Msishikize kitu mpaka tarehe 17," akabandika karatasi hiyo mlangoni. Hakuna aliyeiona. Wewe mwenyewe ulisema kwenye simu kwamba ni mwongo na asikanyage kwetu. Familia tatu za ngazi yetu zimeshamkataza kazi. Alileta makomamanga kwa mgonjwa, nikayapokea mlangoni, sikumkaribisha.

Dada, karatasi ilikuwepo. Niliibandua mimi Jumatano ile, nikaikunja na kuitia mfukoni, kisha nikakirudisha kishikio kwa mikono yangu. Mama hakuwahi kuisoma, macho yake unayajua. Lakini alisimama nyuma yangu akaniuliza, "Kubat, mwanangu, ukuta umekauka?" Nikamwambia, "Umekauka, mama. Nimeugusa mwenyewe." Na kwenye ngazi, Sapar aliponigeukia niseme neno moja tu, nilitazama chini.

Jana nilimpelekea karatasi yake. Aliisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kwangu unataka nini?" akafunga mlango taratibu.

Baba mdogo nitampigia kesho, na majirani nitawaambia mmoja mmoja. Mama sijui nitamwambiaje. Kila asubuhi ananishika mkono huohuo uliorudisha kishikio, ili nimgeuze ubavu, na ananiombea dua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Ukinijibu, andika lolote unaloona nastahili, ila litie kwenye karatasi ya peke yake. Barua zako mama namsomea mimi, na husema nirudie tangu mwanzo.

Mdogo wako,
Kubat