Mkono wa Kushoto wa Mwende

Doha

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzito, lakini nakusalimu. Magoti yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mvua imefika huko nyumbani Tawa ama mawingu yanapita tu? Mimi mwili ni mzima. Ndugu yangu Kyalo akikusomea barua hii, asiruke mahali. Nimeandika kwa sababu kwa simu kila kitu ni "tuko salama", kisha unakata.

Siku hizi sisafishi tena ukumbi. Mwalimu wa badminton amenipa kazi ya kuwapiga video wanaoanza kujifunza. Ni watu wazima, wana pesa, na hawasikii. Mtu ataambiwa wiki nzima anyooshe kiwiko, na anaapa kimenyooka. Nikimwonyesha kwenye simu papo hapo, polepole, anajionea mwenyewe. Anarudi kwenye wavu, na raketi inapanda inavyotakiwa. Sasa naangalia viwiko zaidi ya nyuso.

Ndiyo maana niliomba video ya mwanangu Mwende akichezea zile raketi nilizotuma. Kyalo akanitumia: kamba ya katani imefungwa kutoka kwa tangi hadi kwa nguzo ya lango, mtoto anacheka, amevaa sweta ya mikono mirefu kwenye jua kali. Nilicheka pia. Kisha nikapunguza mwendo jinsi ninavyofanya kazini. Mwende anapiga kwa kushoto. Huyo Mwende ambaye kijiko na kalamu alishika kwa kulia tangu akiwa mdogo sana. Mkono wa kulia umekunjwa kifuani, na haukunyooka hata mara moja.

Nikampigia Kyalo. Alizungukazunguka, mwishowe akakubali kwamba Mwende alianguka kutoka kwa punda wakienda kuteka maji, msimu wa mavuno ya ndengu, na mkono ukafungwa vijiti hapo nyumbani.

"Mwaitu alisema tusikushtue," akaniambia. "Uko mbali, ungefanya nini?"

Ningelia, Mwaitu. Halafu ningetuma nauli ya hospitali. Najua kwetu mtu wa ng'ambo haambiwi mabaya, eti analindwa. Lakini mimi ni mama yake, na nimelazimika kumchunguza kama mgeni anayejifunza mchezo. Nina hasira nawe na sitaificha.

Mtaalamu wa viungo wa hapa ameitazama hiyo video. Anasema huenda kiwiko bado kitanyooka, lakini tukizidi kungoja kitakakamaa kabisa. Mpelekeni hospitali kubwa wiki hii apigwe picha ya mfupa. Kisha mnitumie video ya ule mkono bila sweta, kwenye mwanga. Asiambiwe atabasamu.

Msalimie shangazi wa Mbumbuni, na mchungaji wetu, ambaye nasikia alijua pia akanyamaza. Kyalo namsalimu, kwa kuwa ndiye anayesoma.

Mwende mwambie nimeuona ule mpigo wake wa kushoto. Ni mzuri kuliko wa wanafunzi wangu wote, na hakuna aliyemwonyesha.

Ni mimi mwanao, na mama yake,
Ndunge