Dizeli ya Kharumwa

Kalangalala, Geita
9 Agosti 1954

Mdogo wangu Mabula,

Shikamoo yako nimeiona, ingawa uliiweka mwishoni kabisa, chini ya matusi. Marahaba. Natumaini mguu wako umepata nafuu na pamba imekwisha kufika sokoni. Sisi huku ni wazima, ila mimi sipati usingizi tangu barua yako ifike.

Unasema sikumzika dada yetu Mbuke kwa kuwa nimekuwa mtu wa Geita. Mabula, niliondoka kwetu Mhunze ndevu hazijaota, na katika miaka yote hii ya ugenini bado nauona ua wa mama nikifumba macho. Mbuke ndiye aliyenibeba mgongoni. Usinifundishe kumlilia.

Safari yetu umesimuliwa na walevi, sasa isikie kwangu. Mwanao Donatus alipotuletea habari za msiba, mkwe wangu Athanas hakuuliza swali. Alimwomba tajiri wake gari, tukaondoka alfajiri: yeye, Klara mkewe, Donatus na mimi. Kharumwa gurudumu likatoboka. Athanas alipokuwa akiliziba, mimi na Klara tumekaa kivulini mbali na gari, mafuta yakanunuliwa dukani, yakatiwa, tukaendelea. Hatukufika mbali. Gari lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likazimika katikati ya pori. Athanas alichovya kijiti katika tangi, akakinusa, akayasugua mafuta kwa vidole. Akasema ni dizeli, ile ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na gari letu ni la petroli. Nikamuuliza imeingiaje. Akainamisha kichwa, akajibu kwamba kosa ni lake, kwa kuwa dereva ni yeye.

Hasira iliyonishika siwezi kuiandika. Lakini mkwe hatukanwi, nawe wajua, kwa hiyo nilitukana mawe ya barabarani mpaka Klara akaziba masikio. Donatus alirudi Kharumwa kwa miguu kutafuta petroli. Athanas alishinda chini ya gari akimwaga, akisafisha, akipuliza mabomba kwa mdomo hata akatapika.

Tulipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Shemeji zetu wakaniuliza kama mzee wa dhahabu amekuja kuzika au kufuata nyama iliyobaki. Hayo niliyameza; ni utani wa msibani. Lakini wewe, mbele ya watu, ulimwita Athanas mlevi, mtu asiyewahi kuonja pombe. Na sasa unaandika kwamba Klara arudishwe nyumbani na ng'ombe wa mahari warudi kwao, eti aliyetukosesha maziko si mkwe tena, na wazee watakaa Jumamosi kulikata shauri hilo!

Basi sikiliza. Jana Donatus alikuja hapa kwa baiskeli. Alikaa mlangoni, akakataa chakula, akakataa hata maji. Nilipombana akalia, mwanamume mwenye mke na mtoto. Akasema ni yeye aliyekwenda dukani na debe. Mapipa yalikuwa mawili, naye kwa uchungu na haraka akachota katika lile lisilo letu, akamimina mwenyewe. Athanas alijua tangu alipokinusa kijiti. Lakini mkwe hawezi kumshitaki mtoto wa ukoo wa mkewe mbele ya baba mkwe, kwa hiyo alinyamaza. Alinyamaza hata ulipomwita mlevi, na mwanao amesimama nyuma yako.

Donatus sikumkaripia. Alikosea, na amesema. Hasira yote nimekuwekea wewe, uliyetaka kuivunja nyumba ya binti yangu bila kuuliza swali moja.

Klara haendi popote. Jumamosi wazee wakikaa, simama useme nani alitia dizeli. Mimi nitakuwapo, na Athanas ndiye atakayenileta, kwa gari lile lile. Umwandalie kiti karibu na chako, umwombe radhi wote wakisikia. Kisha tutakwenda pamoja kaburini kwa dada.

Mama Donatus nisalimie sana. Mwambie mwanawe amelala kwangu na leo asubuhi amekula. Klara anawaamkia. Tutapita Kharumwa, na safari hii petroli nitainusa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Stanslaus Nkwabi