Mpira wa Vioo vya Pijo

Mandewa, Singida

Shemeji Leonidas,

Shikamoo. Mvua huku zimeanza, alizeti imeota vizuri, na watoto wanakusalimu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ile Pijo ya marehemu mdogo wako Paschal imeshakufa, maji yanaingia madirishani, na utakuja na wazee wa ukoo muichukue mkaiuze chuma chakavu.

Ni kweli yalikuwa yanaingia. Mpira wa vioo ulikauka ukakatikakatika, na madukani wote waliniambia wa gari la zamani hivyo hauji tena. Nikaenda Issuna kwa Mzee Sixbert anayetengeneza katambuga. Alichana tyubu ya trekta, akapima kila dirisha kwa kamba kama anavyopima mguu wa mteja. Kubandika nimebandika mwenyewe, kwa gundi ya viatu. Jana mvua ilinikuta barabarani na magunia ya vitunguu, na kiti cha Paschal hakikupata hata tone.

Karibuni, wewe na wazee. Mtanikuta kwenye usukani. Mgonge kioo kwa nguvu, maana nikikipandisha siku hizi, maneno ya nje hayaingii.

Ni mimi, mke wa Paschal hadi leo,
Yasinta