Ngome ya Nati

Mikumi,
Jumatano, 17 Agosti 2005.

Kwa kaka yangu Cosmas,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Magreti na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua pamoja na vumbi la Morogoro. Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu tangu Jumatatu. Baba nilikwenda kumwona Kilosa Jumapili iliyopita. Goti linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Tangu wampunguze kazini reli, kila habari ya ubinafsishaji anaisoma gazetini kwa sauti, halafu anabishana nayo peke yake. Anakusalimu sana.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakupigia ukaichukue stendi ya Msamvu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, wewe ukianza kusema hushikiki. Ungenikatiza nikasema nusu, na nusu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ugombe.

Bahasha yako ilifika Jumatatu, na ile karatasi uliyoichapa tayari. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Unasema kuna mtu kwenye ile tovuti ya chesi anayejiita Mkondoa, amekufunga mara saba katika mara tisa. Unasema hana cheo chochote, hajulikani, na mtu wa namna hiyo hawezi kumfunga masta bila kuwa na kompyuta ya pili pembeni inayompa majibu. Unasema umeshamshtaki, na wenye tovuti wamewapa ninyi wawili mpaka Jumatatu ijayo kuleta maelezo, la sivyo Mkondoa anafungiwa na jina lake linawekwa wazi kwamba ni mdanganyifu. Na kwa kuwa jina ni la mto wa kwetu, na hapa dukani kwa tajiri wangu Bwana Urbanus ndiko pekee unakokujua kwenye intaneti upande huu, unataka mimi kama mfanyakazi nitie saini kwamba nilimwona kwa macho yangu akitumia mashine mbili.

Kaka, nilimwona nani?

Mbaya zaidi ulimwandikia na Bwana Urbanus. Yule mzee anaogopa barua yoyote yenye neno "sheria". Aliisoma mara moja tu, jasho likamtoka, akaenda kabatini akatoa mhuri, akaupiga pale chini pwaa, saini ikiwa bado. Akaniambia yeye hataki kesi na masta wa kimataifa, biashara yenyewe inategemea madereva wa malori na wageni wa mbugani, nisaini yaishe. Tangu hapo karatasi iko mezani chini ya kibodi. Kila anayeingia kusoma barua pepe, Bwana Urbanus ananitazama mimi kwanza, halafu anaitazama karatasi. Jana amesema nisiposaini hadi Ijumaa nitafute pengine pa kufanyia kazi. Nilifuta vumbi kwenye mashine zote sita, zile safi na zile chafu.

Sasa nikukumbushe mwezi wa tatu, maana wewe mambo yako unayasahau upesi. Ulikuja hapa na cheti chako cha umasta ndani ya plastiki, ukaniomba nikufungulie akaunti. Mimi ndiye niliyekiskani kile cheti, umeme ukakatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Mimi ndiye niliyewaandikia. Siku ya nne, ukiwa bado hapa, wakajibu kwamba mwenye cheo kama chako haanzii chini pamoja na watu wote, anaanzia pointi elfu mbili na mia mbili. Ulifurahi mpaka ukamnunulia soda kila aliyekuwemo. Nikakuuliza, je, mimi wangenianzishia wapi? Ukacheka, tena ukacheka sana, ukasema elfu moja na mia mbili kama mpita njia yeyote, na huko huko ningezeekea. Ukamgeukia Bwana Urbanus ukamwambia dada yako anacheza vizuri kwa mtu wa jikoni.

Haki ya Mungu kaka, ile kauli iliniuma. Nilitabasamu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na wateja walikuwepo. Ulipopanda basi nikarudi kwenye mashine ile ile, kiti bado kina joto lako, nikajiandikisha.

Mkondoa ni mimi.

Usiichane barua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ulinishonea wewe. Nilianza na elfu moja na mia mbili zangu. Nilicheza saa ya chakula cha mchana, kila siku, ugali wangu umefunikwa sahani. Wenye pointi nyingi walinikataa wakiona namba yangu, kwa hiyo nilipanda kwa wale waliokubali, mmoja mmoja, miezi minne. Nilipokaribia elfu mbili, mtambo wenyewe ukanipangia na wewe. Nilipoona jina lako nilitaka kutoka. Nilishika kipanya nikakiachia, nikakishika tena. Nikasema mchezo mmoja tu, nimwamkie kaka. Nilikushinda kabla kondakta wa basi la Ifakara hajamaliza kuita abiria pale nje.

Hakuna mashine ya pili, kaka. Na ungejua, kama ungekuwa unatazama mchezo badala ya kutazama namba. Katika michezo ile saba niliyokufunga, mara ngapi nimetoa ngome ya upande wa malkia nikachukua farasi wako? Mara tano. Mashine gani yenye akili zake inatoa ngome kirahisi namna hiyo? Ni nani duniani anacheza hivyo?

Kumbuka ule ubao wa Baba, waliouacha wazungu wa mkonge pale klabuni. Ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, Baba akaweka nati ya reli mahali pake. Wewe kwa ukubwa wako ulichukua nyeupe siku zote. Mimi nikalelewa na ile nati. Haikuwa na sura ya ngome, basi sikuwahi kuionea uchungu. Niliitoa kama mtu anavyotoa chenji, na nilipoitoa nilipata nafasi ambayo wewe hukuiona, kwa sababu kwako ngome ni ngome. Baba alinigombeza kwa tabia hiyo mpaka alipochoka, kisha akaanza kunifundisha ni wakati gani itolewe. Mpaka leo, hata kwenye skrini, ile ya upande wa malkia ninaiona nati.

Hayo ningeweza kukuambia kwa simu. Lililonifanya niandike ni hili linalofuata.

Mwaka tisini na tisa, pale klabu ya reli, nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya Dar es Salaam ilikuwa moja, na tulibaki wawili, wewe na mimi. Watu wote wa Kilosa wanakumbuka kwamba Domina alikuwa amekubana, halafu akafanya pupa yake ya siku zote, akaitoa nati, akashindwa. Na wewe ukienda kwenye harusi unaisimulia hivyo hivyo, watu wanacheka, na mimi nacheka.

Haikuwa pupa. Asubuhi ile kabla hatujatoka nyumbani niliingia chumbani kwa Baba kuchukua kiberiti. Nyuma ya mlango kulikuwa na koti. Baba alikuwa ameliazima kwa mkuu wa stesheni, na mikono yake ilikuwa imeshakunjwa na kushonwa kwa kipimo chako. Hakuna aliyeniambia niache. Hakuna aliyeniomba. Lakini mchezo ulikuwa bado haujachezwa na koti lilikuwa limeshashonwa, na halikuwa la kwangu. Tulipofika kwenye ile hatua ya thelathini na kitu, nilikuona umeshakata tamaa, shingo imekuinama. Nilimwona Baba amesimama nje, dirishani. Nikaichukua nati nikaiweka mahali ambapo haikuchukua farasi, haikufungua njia, haikufanya kazi yoyote. Niliitoa bure.

Ukaenda Dar. Kutoka Dar ukaenda nje ukarudi na cheo. Cheo umekifanyia kazi mwenyewe, sikunyang'anyi, na siku ulipokileta nililia kwa furaha ya kweli. Ila ulipocheka kuhusu elfu moja na mia mbili zangu, nililiona lile koti tena.

Jumapili nilimweleza Baba yote, hata ya Mkondoa. Aliweka kikombe chini. Halafu akasema alijua tangu siku ile ile, maana yeye ndiye aliyenifundisha nati itolewe wakati gani, na ule haukuwa wakati wake. Akasema kwa miaka sita amekuwa akitafuta namna ya kuniomba radhi, na reli ilipomwondoa aliona hayo ndiyo malipo ya kosa lile. Nilishindwa kumtazama, na yeye pia.

Kwa hiyo sisaini, kaka. Bwana Urbanus akinifukuza, anifukuze. Nimeshawaandikia wenye tovuti jina langu kamili na kwamba wewe ni kaka yangu, tumbo moja. Sikusema neno baya juu yako. Ukitaka kuondoa mashtaka, una siku hadi Jumatatu. Ukiwa bado unaamini kuna mashine, njoo Kilosa Jumamosi. Jana nilimpigia Baba simu; ameutoa ubao kabatini, ameifuta nati kutu kwa mafuta ya taa, na amesema safari hii atakaa ndani, si dirishani. Nyeupe chukua wewe, ni haki yako ya ukubwa.

Msalimie sana wifi, mwambie vitenge vyake nimeviona na nitavituma. Wabusu watoto kwa ajili yangu. Koti la mkuu wa stesheni, kama bado unalo, njoo nalo, Baba anataka kulirudisha. Nakuamkia tena kwa heshima zote, shikamoo, na Jumamosi nitakuamkia kabla hatujakaa. Tukishakaa, usinitegemee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Domina Theodory