Maombi ya Jumatano na Goti la Kulia

Jumapili, 2 Juni

Katika mtaa huu hakuna jambo lililowahi kusimama bila mimi kulishika. Bomba la maji lilipokuja, mimi ndiye niliyewaonyesha mainjinia pa kuchimba. Wakachimba kwingine, maji yakakataa, wakarudi pale pale niliponyooshea kidole. Nguzo ya umeme ya kwenye kona – niliongea na mkurugenzi uso kwa uso. Alikuwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, lakini alielewa.

Kwa hiyo leo Mchungaji aliposema kanisa letu linafungwa, nilijua anasema na mimi. Hakunitazama. Wakubwa hawatazamani kwenye mambo mazito.

Habari yenyewe ni hii. Mwangalizi, bosi wa wachungaji wote wa upande huu, anakuja Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Akikuta hali ya leo – mabenchi yana vumbi kuliko watu – tunaunganishwa na kanisa la ng'ambo ya reli, na jengo anapewa mtu wa magodoro afanye stoo. Mchungaji ana makanisa matatu na pikipiki moja. Alitangaza kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Nikamtazama dada yangu. Yeye ndiye mkubwa wetu, mshonaji, na ufunguo wa kanisa uko kwake tangu shemeji alipofariki. Alifagia, akafunga madirisha, akasema, "Jumatano maombi, kama kawaida."

Maombi ya Jumatano ni yeye na bibi wawili. Miaka nenda, miaka rudi. Nikamwambia, Dada, bibi wawili hawamzuii mtu wa magodoro.

"Basi njoo uwe wa nne," akasema.

Nimekubali. Jeshi likizidiwa huitwa jenerali.

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa. Naandika nimelala, mguu juu ya mto.

Dada sauti imekauka kwa mafua. Akaniambia nianzishe mimi. Akanikumbusha na utaratibu, kana kwamba siujui: wote hupiga magoti, anayeanzisha ndiye anayefunga, na hakuna anayeinuka kabla yake. Wazee wa zamani waliuweka kwa sababu watu walikuwa wanatoroka katikati.

Nikapiga magoti. Sakafu ya saruji. Nikaomba vizuri sana – sauti nzito, maneno makubwa makubwa, ewe mwenye enzi, ewe usiyechunguzika. Nikamaliza. Nikajiambia, sasa inuka.

Goti la kulia likakataa.

Halikuuma. Lilikataa tu! Kama kitasa kilichoshika kutu. Nikajaribu kwa hila, mkono kwenye benchi. Benchi likasogea, mimi nikabaki. Bibi mmoja akasema "Amina?" kwa sauti ya kuuliza.

Sasa mtu kama mimi ainuliwe na bibi wawili na mgonjwa wa mafua? Nikaendelea kuomba.

Tatizo ni kwamba maneno makubwa yalikuwa yameisha. Nikaombea mataifa. Nikaombea bahari na vilivyomo. Navyo vikaisha. Basi nikaanza mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, maana mambo ya mtaa huu nayajua kuliko mwenyekiti wake. Nikamwombea fundi viatu, ambaye mkewe amerudi kwao na yeye anamwambia kila mtu kwamba amekwenda kusalimia. Nikamwombea muuza nyama na mdogo wake, wasioongea kwa sababu ya ukuta unaotenganisha viwanja vyao. Mama wa saluni, anayecheka na wateja kutwa nzima, halafu analia akishafunga mlango. Dereva wa lori la kokoto, anayeogopa kupima macho. Sauti yangu haihitaji spika. Madirisha yalikuwa wazi. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini.

Jua likashuka, mimi bado naomba. Hatimaye Dada akaja, akanishika kwapani kama mtu anayeomba pamoja nami, akanivuta juu. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Umeomba vizuri," akasema, "ulipoishiwa maneno."

Nitalieleza jambo hili hivi: Roho aliniweka chini. Alipitia kwenye goti.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi viatu amenifuata kwenye karakana yangu ya makochi. Nilikuwa navua ngozi ya zamani kwenye kochi, stepla zinaruka.

"Mjomba," akasema – mtaa mzima unaniita hivyo – "nani alikutuma umwambie Mungu mambo ya nyumbani kwangu?"

"Kwani alikuwa hayajui?"

"Yeye anayajua. Mtaa ulikuwa haujui!"

"Mtaa ulikuwa unajua. Wewe ndiye ulikuwa hujui kwamba unajua."

Akakaa kwenye kochi la mteja, upande wenye springi zilizotoka. Hakuhama. Alikaa mpaka gundi yangu ikakaukia kwenye brashi. Halafu akasema mke wake hata simu hapokei. Halafu akauliza Jumatano tunaanza saa ngapi.

Jioni mke wangu kaleta habari za sokoni. Eti kuna mzee kanisani aliomba mpaka jua likazama bila kuinua kichwa.

"Mzee gani huyo?" akaniuliza.

Nikamwambia amtazame. Akanitazama. Akaenda kuleta dawa ya kuchua.

Jumapili, 9 Juni

Watu wapya! Mama wa saluni benchi la nyuma, na miwani ya jua. Muuza nyama upande wa kushoto, mdogo wake upande wa kulia, katikati njia kama mpaka wa nchi mbili. Mchungaji alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Nadhani alifikiri amekosea kanisa.

Baada ya ibada nikawaeleza wachache, kwa faida yao, jinsi nilivyowahi kuomba siku tatu mfululizo nikiwa kijana, mpaka ndege wakatua mabegani. Sikujua Dada yuko nyuma yangu.

"Ndege gani?"

"Njiwa, Dada."

"Ujana wako wewe ulikuwa unalala humu ndani. Unakoroma mpaka marehemu baba anakutoa nje."

Watu wakacheka sana. Ni utani wa kifamilia. Wageni hawajauzoea.

Jumatano, 12 Juni

Nimejishonea mto wa magoti. Sponji ngumu chini, laini juu, ngozi ya bandia ya kahawia iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno. Pembe nimezikunja mara mbili. Bibi mmoja akautazama.

"Hata Bwana wetu hakutandikiwa godoro," akasema. Baadaye akanivuta pembeni kuuliza kama kuna kipande kilichobaki.

Nusu ya kanisa imejaa. Jumatano! Nikaanza na maneno makubwa lakini niliona wanayasubiri yapite. Wanataka kutajwa. Au wanataka mwenzao atajwe. Basi nikataja. Lakini leo goti lilikuwa zima, mto laini, na masikio yote nayaona. Nikatia chumvi kidogo. Nikamwomba Mungu amsaidie dereva wa lori, ambaye juzi alisimama barabarani akampa mbuzi leseni yake akidhani ni trafiki.

Watu wakacheka wakiwa wamepiga magoti. Mabenchi yalitikisika.

Dereva alikuwepo. Aliinuka. Kabla yangu! Tangu kanisa lijengwe sijasikia mtu kuinuka kabla ya anayeanzisha. Akavaa kofia yake humo humo ndani, akatoka, na mlango hakuubamiza. Aliurudisha taratibu. Ningependa angeubamiza.

Amina ya leo ilikuwa nyembamba.

Dada alinikuta nakung'uta mto. "Ile ya kwanza ulimwambia Mungu," akasema. "Hii umetuambia sisi."

Nikaendelea kukung'uta mto. Ulikuwa na vumbi jingi.

Ijumaa, 14 Juni

Leo sijashona chochote. Nimekwenda kwa dereva kumsalimia. Kusalimia tu, kwa kuwa nilikuwa napita upande ule. Huwa sipiti upande ule.

Alikuwa anaosha lori. Anaosha mahali palipokwisha kuwa safi, palipo na tope anaparuka. Nikasimama. Akasema, "Umekuja kuniombea tena?"

Nikamwambia hapana, nina shida yangu. Macho yananisumbua, naogopa kwenda kupima peke yangu, na mke wangu ananicheka. Uongo mtupu. Macho yangu yanaona sisimizi akipiga miayo. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Akaendelea kulimwagia lori maji mpaka ndoo ikaisha. Halafu akasema, "Mwanamume mzima." Akaenda kubadilisha shati.

Kliniki tulikaa benchi moja. Aliingia akatoka na karatasi ya miwani, anaikunja kidogo kidogo kama anayeificha isimwone. Akasema, "Barabarani wiki iliyopita nusura nimgonge mama na mkokoteni wake. Sikumwona mpaka alipopiga kelele." Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Nikasema, kumbe.

Daktari anasema na mimi nahitaji miwani. Watoto wa siku hizi hawasomi vizuri.

Jumatano, 19 Juni

Dada ameanzisha mwenyewe, sauti imerudi. Hakutaja mtu. Alisema kila mmoja ataje wa kwake, kwa mdomo wake, na asiongeze.

Kelele kama za mnada. Halafu zikapungua zenyewe. Nikasikia muuza nyama anamtaja mdogo wake, jina la utotoni, lile wanalolijua wao wawili tu. Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa njia. Akakohoa. Nimesikia kikohozi hicho kwenye misiba. Fundi viatu aliomba kwa sauti ya chini asipewe mke, apewe tu namna ya kumpigia simu bila kugomba. Mama wa saluni alivua miwani.

Dereva alikuja na miwani yake mpya. Alipiga magoti kando yangu, akavuta mto ukafika kwake nusu. Sikumzuia.

Mimi leo nilisikiliza. Lazima kuwe na mtu wa kusimamia.

Jumapili, 23 Juni

Naandika hapa hapa kanisani.

Mwangalizi amekuja. Mnene, mpole, kalamu mbili mfukoni. Kanisa limejaa mpaka dirishani. Mimi nilivaa koti. Nilikuwa tayari kupongezwa, hata maneno ya kukataa sifa nilikwisha kuyapanga. Hakuna aliyeuliza.

Alihubiri kwa ufupi. Mwishoni akasema amefurahi, lakini watu hujaa hata msibani, na kesho yake nyumba inabaki na mfiwa. Akasema waingie ofisini watatu, yeye, Mchungaji na Dada. Ofisi ni chumba cha nyuma, ukuta wa plaiwudi.

Mtu wa magodoro naye kaja. Amepima mlango kwa futi kamba, kwa adabu, akingoja watu wapite kwanza. Akauona mto wangu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akauliza sponji ile nainunua wapi. Nilimjibu. Fundi ni fundi. Lakini nilimtaja muuzaji wa zamani, aliyehama.

Watu hawajaondoka. Wako nje wamekaa ukutani, wameweka viatu pembeni kama wanaolala. Dada, kabla hajaingia ofisini, alinishika kiwiko.

"Wewe baki humu uombe."

"Haya."

"Bila sauti. Kati ya humu na mle ni plaiwudi tu. Wakikusikia watadhani unawahutubia."

Bila sauti! Nikamuuliza niombe nini. Akasema, kanisa. Kwa maneno gani, Dada? Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikienda shule bila kunawa uso.

"Yako," akasema. Akafunga mlango.

Nikapiga magoti. Mto nilikwisha kumpa yule bibi wa Jumatano. Nikaanza, ewe mwenye enzi, ewe usiyechunguzika. Moyoni maneno yale hayana uzito. Ni kama makochi yaliyotolewa sponji, yamebaki mbao. Nikayaacha. Nikafikiri nianze na fundi viatu. Lakini fundi viatu yuko nje, anajiombea mwenyewe. Wote wana watu wao. Nikabaki mimi na kanisa, na dari ile yenye alama ya maji yanayovuja pale juu ya benchi alilokuwa akikaa baba.

Plaiwudi haifichi. Mwangalizi alisema, "Mama, na msimu huu wa watu ukiisha?"

Dada akasema, "Tulikuwa watatu. Tulikuwa tunaomba."

"Nakuelewa. Ila nina barua ya kusaini."

"Saini, baba. Lakini ufunguo siutoi leo. Jumatano nina maombi."

Kiti kikakwaruza sakafu. Halafu kimya. Kimya kile mpaka sasa.

Kuna jambo naliandika hapa na silisemi popote, hasa kwa fundi viatu. Mimi nimeomba harusini, makaburini, siku mashine ya kusaga ilipozinduliwa. Watu wamelia. Lakini peke yangu, mdomo umefungwa, sijawahi. Sijui mtu anaanzaje. Nimekaa hapa mtu mzima, koti, mvi, nawaza mlango wa kuingilia ni upi. Na mle ndani wanaweza kutoka wakati wowote, na Dada ataniuliza kama nimeomba.

Basi nimemwamkia Mungu. Nimesema shikamoo.

Daftari liko juu ya benchi, mimi bado niko chini. Nimenyamaza. Nangoja.