Maji ya Mvuke, Maji ya Bomba

Jumatatu, 6 Mei

Wakaguzi wanakuja keshokutwa. Mwalimu wa kemia — wanafunzi wanamwita Dokta, naye anaitika! — anataka kuwaonyesha kwamba ioni, zile zinazobeba umeme majini, zipo. Chembe ya dawa ya pamanganeti juu ya karatasi mbichi, waya za betri huku na huku, rangi ya zambarau inajikokota yenyewe kuelekea waya chanya. Miaka kumi na sita naliandaa jaribio hili. Leo anataka karatasi iloweshwe kwa maji ya mvuke, yale yasiyo na chumvi hata chembe, eti wageni waone usafi. Nikamwambia umeme hautapita humo, tutie maji ya bomba na chumvi kidogo. Akacheka. Kazi yangu kuosha chupa, kasema. Haya.

Jumatano, 8 Mei

Aibu! Dakika ishirini, zambarau palepale. Mkaguzi mmoja anapiga miayo. Dokta akanigeukia mbele ya darasa zima: mtunza maabara kaharibu dawa. Nikaanza kukunja waya. Kwa nini nilinyamaza? Mjinga mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Barua ya Mkuu wa shule. Nijieleze kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo kazi sina. Mume wangu anasema mwenye nguvu mpishe, omba msamaha yaishe. Yaishe kwa nani? Sikula.

Ijumaa, 10 Mei

Sikuandika. Nimebeba betri, waya na dawa ileile ya juzi mpaka ofisini kwa Mkuu. Karatasi mbili mezani pake: moja maji ya mvuke, moja maji ya bomba na chumvi. Nikamwomba robo saa. Akaendelea kusaini makaratasi yake, jicho moja huku. Ya kwanza, kimya. Ya pili — ikaanza kutoa mkia! Mkuu akainama, pua nusura iguse. Akauliza kama Dokta alijua. Nikasema nilimwambia tangu Jumatatu. Akaenda kufunga mlango.

"Nimeona, mama. Kosa si lako. Lakini wakaguzi wakiandika kwamba mwalimu hajui, shule nzima imeumbuka. Wewe andika tu dawa ilikuwa mbovu, kazi yako ibaki."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni — nani aliwadanganya watu hivyo? Kanipa kalamu na karatasi, katoka. Saa sita kasoro dakika nane. Nimeandika tarehe. Nimeandika "Dawa ilikuwa". Neno la tatu mkono unakataa, na viatu vyake nasikia vinarudi koridoni —